Maswali Yenu: Vifaa vyote vizima, mbona glopu haiwaki?

Toleo hili tumejibu maswali ya sakiti tu, yaani njia ambayo umeme huzunguka, maana ndiyo yaliyojaa kwenye barua za wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini.

Shikamoo wataalamu. Kikundi chetu tumetengeneza sakiti juu ya kipande cha mbao ya msonobari: betri mbili kubwa za tochi, swichi ya bati, na glopu mbili za volti 2.5 zilizofuatana. Waya tumeufumua kwenye mota ya feni iliyokufa. Kila glopu tukiigusisha kwenye betri inawaka. Tukiunganisha vyote, giza. Tumekosea wapi? — Kidato cha pili, Mafinga

Marahaba. Kosa mmelitaja wenyewe: waya wa mota. Ule wekundu unaong'aa si shaba tupu, ni shaba iliyopakwa vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Imepakwa makusudi. Ndani ya mota mamia ya mizunguko ya waya yamelaliana. Bila vanishi umeme ungeruka kutoka mzunguko mmoja hadi wa jirani badala ya kuzunguka njia yote. Kwa hiyo mliposokota ncha mbili mlishikanisha vanishi na vanishi, shaba hazikugusana kabisa.

Chukueni msasa laini au wembe, kwangueni sentimita 2 za kila ncha, pande zote, mpaka ule mng'ao kama wa mafuta uondoke na shaba ibaki imepauka. Kuchoma kwa kiberiti peke yake hakutoshi, kwa sababu masizi yanayobaki nayo huzuia, na bado mtahitaji msasa. Waya uliogeuka mweusi na kukatika ukiukunja utupeni. Tena angalieni misumari: mbao ya msonobari ikiwa mbichi hutoa utomvu, na msumari uliopakaa utomvu unaonekana safi kumbe umefunikwa.

Mkiwa na multimita, kifaa cha kupima volti, mkondo na ukinzani, hamna haja ya kubahatisha. Iwekeni kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, kipimo cha 20. Fungeni sakiti, yaani swichi iwe imewashwa na betri zikiwa mahali pake. Waya mweusi wa mita uacheni kwenye upande hasi wa betri, msiusogeze tena. Mwekundu anzeni nao upande chanya: mtasoma kama volti 3. Kisha tembeeni nao kiungo kwa kiungo: baada ya swichi, kabla ya glopu ya kwanza, baada yake, kabla ya ya pili, baada yake. Itaendelea kusoma 3, 3, 3, halafu ghafla 0. Mkato uko kati ya sehemu ya mwisho iliyosoma 3 na ya kwanza iliyosoma 0.

Wengi hapo hushangaa: mbona hata upande wa pili wa glopu bado ni 3? Kwa sababu njia imekatika na mkondo haupiti. Pasipo mkondo glopu haitumii volti yoyote, na zile 3 zote zinajikusanya kwenye mkato. Hata swichi iliyozimwa, ukiipima mwanzo na mwisho wake, inasoma volti zote za betri.

Wenzangu wanasema glopu ya kwanza inakula umeme, ndiyo maana ya pili inafifia. Ni kweli? — Mwanafunzi, Uyole

Si kweli, na ni rahisi kuthibitisha: badilishaneni glopu mahali. Iliyofifia ikiendelea kufifia hata ikiwa ya kwanza, tofauti iko kwenye glopu yenyewe. Mkondo katika sakiti mfuatano, yaani yenye njia moja tu, ni uleule kila mahali. Amita (kipima mkondo) ikiwekwa kabla, katikati au mwishoni inasoma namba moja. Kinachogawanywa ni volti. Glopu mbili zinazofanana kwenye volti 3 zinapata 1.5 kila moja, zote zinafifia sawasawa.

Zikiunganishwa sambamba, kila moja na njia yake hadi kwenye betri, kila moja inapata volti 3 zote, zinang'aa, ila betri inatoa mkondo maradufu ya ule wa glopu moja na inakwisha mapema. Ukichomoa moja nyingine haizimiki, kama taa za nyumbani.

Nilinunua LED nyekundu (kile kitaa kidogo cha kielektroniki) Mwanjelwa, nikaiunga kwenye betri ya volti 9. Ikawaka kali mara moja, ikazima milele. Je, ilikuwa mbovu? — Kidato cha tatu, Mbeya

Ilikuwa nzima, ila uliiunga bila rezista, kile kipande kinachopunguza mkondo. LED haitendi kama glopu. Chini ya volti 1.8 hivi haiwaki, lakini ikishafika karibu na 2, volti ikiongezeka kidogo tu mkondo unapanda mno, na ndani inaungua. LED nyekundu tuikadirie volti 2. Nyeupe na bluu zinahitaji kama 3.

Hesabu yake: 9 ukitoa 2 zinabaki volti 7, hizo ndizo za rezista kuzibeba. Mkondo salama wa LED ndogo ni hadi milliampea 20, nasi tuchague 15, yaani ampea 0.015. Gawa 7 kwa 0.015, unapata omu 467 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia mkondo). Hiyo haiuzwi, iliyo jirani ni 470. Mwambie muuzaji "mia nne sabini, robo wati", au itambue kwa mistari: njano, zambarau, kahawia, halafu dhahabu. Dhahabu maana yake thamani inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Robo wati inatosha, kwani 7 mara 0.015 ni wati 0.1 tu.

Rezista ikae kabla au baada ya LED, yote sawa. Mkondo ni mmoja. Mguu mrefu wa LED ndio chanya. Ukiwa umeshaikata miguu, tazama ukingo wake: upande uliopunguzwa bapa ndio hasi. Ukiigeuza kwenye volti hizi ndogo haiwaki. Ila betri ya volti 9 inazidi kile ambacho LED nyingi huvumilia kinyume, usiiache hivyo.

Nimepima glopu ya tochi kwa multimita, ukinzani ni omu 1 na kidogo. Juu yake imeandikwa 2.5V 0.3A, na 2.5 gawa kwa 0.3 ni omu 8. Nani muongo? — Tukuyu

Hakuna. Multimita inapima uzi ukiwa baridi. Ukiwaka, tungsteni inafika zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi na ukinzani wake unapanda mara kadhaa.

Na kwa kuwa umeshika multimita: ukipima mkondo, mita ipitiwe na mkondo, yaani ikate njia na kukaa ndani yake. Ukiigusisha moja kwa moja kwenye betri ikiwa kwenye ampea, umepiga shoti. Fyuzi ya ndani inaweza kuungua, na ikiungua mita itasoma sifuri kila ukipima mkondo, mpaka fyuzi ibadilishwe.

Huku Makete asubuhi za Julai tochi inawaka hafifu, mchana inapona. Betri nimezipima zina 1.5 kila moja. — Kidato cha nne

Ulipima betri ikiwa imepumzika. Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani, na baridi huuongeza kwa sababu kemikali zinafanya kazi polepole. Ipime ikibeba mzigo. Tuseme imesoma 1.5 ikiwa wazi, na 1.2 ikiunganishwa na rezista ya omu 5. Mkondo ni 1.2 gawa kwa 5, yaani ampea 0.24. Volti 0.3 zimepotelea ndani, 0.3 gawa kwa 0.24 ni omu 1.25. Soma haraka kisha achia, maana ukishikilia inaendelea kushuka. Ndiyo maana glopu ya tochi ya betri mbili huandikwa 2.5, si 3.

Naweza kufanya majaribio haya kwa umeme wa soketi? — Tunduma

Hapana. Soketi ni volti 230, na ampea 0.1 ikipita kifuani inaweza kuua. Huo ni mkondo mdogo kuliko wa glopu yako ya tochi, inayotumia 0.3. Nunua betri kubwa nne, zifuatanishe upate volti 6. LED nyekundu hapo itahitaji rezista ya omu 270: nyekundu, zambarau, kahawia.