Toujours, souvent, le plus: kwa aliyeuliza kwa nini bado anaongea kama kitabu

Mkuu, nimelisoma swali lako. Umekariri maneno ya Kifaransa toujours (kila mara), souvent (mara nyingi), rarement (mara chache), jamais (kamwe), na le plus (kuliko vyote) unaijua, lakini ukifungua mdomo unasikika kama kitabu cha darasani. Mimi nipo Lyon, Ufaransa, nafanya kazi jikoni, na Kifaransa changu kingi nimekiokota kwenye masufuria. Nakujibu kwa ninachokisikia kila siku.

Kinachotuponza kwanza ni hu-. Sisi tukisema "yeye hula saa sita", mazoea yameshakaa ndani ya kitenzi. Kifaransa hakina kiambishi hicho, basi tunaziba pengo kwa kubandika toujours kila mahali: je mange toujours à midi (nakula saa sita kila mara), je prends toujours le métro (napanda metro kila mara). Sarufi ni safi, ila msikilizaji anahisi unasisitiza, utadhani kuna mtu amekubishia. Sema tu je mange à midi. Inatosha.

Neno la mazoea likihitajika kweli, lifuate kitenzi chenye nafsi: je mange souvent ici (mara nyingi nakula hapa). Wakati uliopita linaingia katikati: j'ai souvent mangé ici. Parfois (wakati mwingine), d'habitude (kwa kawaida) na une fois par semaine (mara moja kwa wiki) unaweza kuanza nazo au kumalizia nazo, kama "mara nyingi" yetu. Lakini kuichomeka souvent kati ya je na mange, hapana kabisa.

Sasa toujours ikikutana na pas ya kukanusha, tega sikio. Il n'est pas toujours là: hayupo kila wakati, ila kuna siku utamkuta. Il n'est toujours pas là: mpaka sasa hajafika. Mpishi mkuu akitamka hiyo ya pili wateja wakiwa wameshakaa mezani, ujue kuna mtu atafokewa. Na hiyo ne (au n'), nusu ya kwanza ya ukanusho, usiisubiri, mdomoni inamezwa: il est toujours pas là, j'y vais jamais (siendi huko kamwe). Kwenye maandishi iweke.

Le plus inategemea kivumishi kinakaa wapi. Kinachotangulia nomino kinabaki mbele: la plus belle place de la ville (uwanja mzuri kuliko yote mjini). Kinachofuata kinadai le nyingine: le restaurant le plus cher de la ville (mgahawa ghali kuliko yote mjini). Hiyo le ya pili ndiyo wengi wanaidondosha. Halafu kabla ya mahali ni de (ya), si dans (ndani ya). Ukitaka kusifia ziwa letu la Tanganyika, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, unasema le deuxième lac le plus profond du monde. "Ya pili" inatangulia nomino. Bon (-zuri) inageuka le meilleur, bien (vizuri) inageuka le mieux, hizo kariri tu. Kwenye matamshi, s ya plus haisikiki katika le plus beau (mzuri kuliko wote), inakuwa z katika le plus âgé (mzee kuliko wote), na ikimalizia sentensi wengi wanaitamka wazi: c'est elle qui travaille le plus (yeye ndiye anayefanya kazi kuliko wote).

Ila ukitaka kusikika kama mtu wa mtaani, sifa zipunguze. Hapa mtu anaonja mchuzi, anakaa kimya, anasema pas mauvais (si mbaya), na hapo umesifiwa. Pas mal nayo hivyo hivyo. Na kwa jambo ambalo karibu halitokei kabisa, badala ya rarement utasikia tous les trente-six du mois, yaani kila tarehe 36 ya mwezi. Hiyo naipenda sana, itumie.

Siku ukiguswa kweli, unganisha le meilleur na jamais: c'est le meilleur poisson que j'aie jamais mangé (ni samaki mtamu kuliko wote niliowahi kula). Hapo jamais haikanushi kitu, ina maana ya "tangu nizaliwe", na ne haihitajiki. Hiyo aie, umbo la ai linalodaiwa hapo, isikutishe. Kwa jinsi wengi wanavyotamka, haitofautiani na ai, kwa hiyo ni kalamu tu itakayokudai.