Chembe za zambarau kwenye kichuguu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mchimbaji mdogo, naishi Iramba, Singida. Kiangazi kilichopita tulikuwa tunachimba udongo wa kichuguu tufyatue tofali, tukaona chembe nyekundu zinazoelekea zambarau, nyingi kama punje ya mtama, chache kama harage. Tumechekecha hadi tukapata robo ya kopo la maziwa. Dalali mmoja alikwaruza chupa kwa chembe mojawapo, chupa ikachubuka, akasema ni rubi kama za Winza. Ametuambia tuzisugue kwa mchanga zing'ae, ndipo atanunua kwa gramu. Mzee wetu mmoja anasema ni dalili ya almasi. Tumsikilize nani? Nimekutumia chembe kumi kwa basi. Baadhi zina ganda jeusi lisilotoka. – Msomaji, Iramba

JIBU: Marahaba mwanangu. Bahasha imefika salama. Nimezimwaga chembe zako juu ya karatasi nyeupe hapa dirishani kwangu Dodoma, asubuhi jua likiwa bado la upole, nikazitazama moja moja kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Miaka yangu yote ya maabara ya mawe imenizoesha kutosema neno kabla ya kutazama, kwa hiyo nisamehe kama jibu limechelewa.

Hizo si rubi. Ni garneti, ya aina iitwayo pairopi.

Ile chupa haikuthibitisha kitu. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe kioo kiko kama 5 na nusu, garneti 7 hadi 7 na nusu, rubi 9. Zote mbili zinachubua chupa, na hata lile jiwe jeupe la kwazi mnalolikanyaga njiani kila siku linachubua. Mwenye kutaja rubi kwa ushahidi wa chupa ama hajui kazi yake, ama anategemea ninyi hamjui.

Jaribu hivi. Tafuta miwani ya jua ile yenye vioo vya polaroidi, weka chembe mbele ya mwanga, itazame kupitia kioo kimoja huku ukikizungusha taratibu. Rubi hubadilika, mara inaelekea zambarau, mara inaelekea rangi ya chungwa. Garneti haibadiliki. Za kwako nimezungusha mpaka mkono umechoka, rangi ni ileile. Winza iko Mpwapwa, mkoa wetu huu, na rubi yake iliwavuta watu kwa maelfu mwaka 2008. Hata kule garneti hutoka pamoja na rubi, na wageni wa kazi huzichanganya. Kinachowadanganya ni kwamba wekundu wa rubi na huu uzambarau wa pairopi yako vyote vinatokana na kromi. Lakini ukiacha hiyo kromi kidogo, rubi ni alumini na oksijeni tu, wakati garneti ni silikati, yaani ndani yake mna silikoni. Pairopi ina magnesi na alumini pia.

Sasa mzee wako. Huyo msikilizeni, ila msimalize maneno yake kwa haraka.

Pairopi ya namna hii hutokea kwenye mwamba uitwao kimbalaiti, jina lililotoka Kimberley, Afrika Kusini. Ni mwamba wa volkano uliopanda kutoka chini sana ya ardhi kwa kasi kubwa, ukisukumwa na gesi, ukaacha bomba lenye umbo la karoti, pana juu na jembamba chini. Mgodi wa almasi wa Mwadui kule Shinyanga uko juu ya bomba la namna hiyo. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliligundua mwaka 1940, na uso wake una hekta 146. Singida nako kimbalaiti ipo.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipo: pairopi haikuzaliwa ndani ya kimbalaiti. Ni abiria. Ilikuwa imekaa kwenye miamba ya chini kabisa, makumi ya kilometa chini ya miguu yenu, uji wa moto ulipopita ukaimega na kuibeba. Almasi nayo ni abiria wa gari hilohilo, lakini kituo chake kiko mbali zaidi, kama kilometa 150 kwenda chini au kuzidi. Kwa hiyo gari linaweza kufika limejaa garneti na almasi hata moja lisiwe nayo, na mabomba mengi ya kimbalaiti ndivyo yalivyo. Kupima kromi na kalisi ndani ya chembe maabara ndiko kunakoonyesha zilitoka kwenye miamba inayofuatana na almasi au la. Jicho langu na lenzi haviwezi.

Kuhusu kichuguu, mchwa hushuka chini sana kutafuta unyevu na hupandisha udongo pamoja na chembe zake. Watafiti wa almasi wanaliheshimu jambo hilo. Botswana walichunguza chembe zilizoletwa na mchwa juu ya mchanga mzito wa Kalahari.

Lakini nimekaa muda mrefu zaidi na zile chembe tatu zenye ganda. Si uchafu. Garneti ilipopanda juu upesi, ukingo wake ulianza kugeuka, ukajijengea gamba jeusi linaloelekea kijani, na pale lilipobanduka chini yake pana vishimo vidogovidogo kama ngozi ya chungwa. Gamba hilo ni dhaifu. Likiviringishwa na maji ya mto mwendo mrefu hulika lote. Chembe iliyobaki na gamba lake haijasafiri mbali, yaani huenda mwamba wake uko karibu, na hiyo ndiyo habari kubwa kuliko robo yako ya kopo, kwa sababu garneti ndogo hivyo bei yake ni ya chini.

Kwa hiyo acheni kusugua. Kila kichuguu kipe mfuko wake wa nailoni na namba yake, andika kiko wapi, umbali gani kutoka korongoni, na ngapi kati ya chembe zake zina gamba. Kisha njoo Dodoma, kwenye ofisi za GST, yaani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, uulizie ramani ya jiolojia ya eneo lenu, na kwa afisa madini uulize leseni ya pale ni ya nani kabla hamjachimba shimo lolote. Zile tatu zenye gamba nimezifunga kwa pamba, nakurudishia kwa basi la Jumatatu.