Kwenye daftari la mlinzi nilikuwa bado sijatoka

Wiki iliyopita mlituuliza wasomaji wenu: kazi ikikuchosha hadi unachukia kuamka, uvumilie au uache? Mimi natengeneza programu, huu mwaka wa 11, na mmenigusa penye kidonda. Ila naomba nijibu swali la jirani yake: hiyo tarehe ya kukabidhi kazi inayotutoa roho, huwa kaitaja nani?

Hapa Dar msimu wetu wa kuchoka unajulikana, ni Juni. Serikali inafunga mwaka wa fedha tarehe 30, na kila anayefuata kalenda hiyo ndipo anapokumbuka mfumo wa kompyuta aliouzungumzia tangu Oktoba.

Mwaka 2018 ofisi yetu ilikuwa Kijitonyama. Mteja alitaka mfumo wa kukusanya ada na kuwatumia wadaiwa meseji, uwe hewani Jumamosi ya tarehe 30 Juni. Niliingia Alhamisi saa 2 asubuhi. Getini kulikuwa na daftari la mlinzi, mzee wa Kilwa: jina, kuingia, kutoka, sahihi. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa msibani, Senegali imetolewa Kombe la Dunia, Japani ikasonga mbele kwa hesabu ya kadi za njano. Mimi nilikuja kujua kesho yake. Nililalia maboksi ya kompyuta chini ya meza, nikala zege, yaani chipsi mayai, iliyopoa mpaka mafuta yameganda kwenye mfuko.

Ijumaa jioni, ili kupunguza kazi, niliondoa kipande kinachohakiki kama meseji imeshatumwa. Nitakirudisha baadaye, nikajiambia. Saa 9 usiku njia ya meseji ikawa nzito. Jibu likichelewa, programu inadhani meseji haijaenda, inatuma tena. Na tena. Simu ya ofisi ikaanza kuita. Mzee mmoja, sauti ya usingizi: "Mwanangu, mimi nimelipa tangu Jumanne. Hii ni meseji ya tisa. Nimewakosea nini?" Sikuwa na jibu. Nikazima seva, nikakaa sakafuni, vidole vinatetemeka kama mwenye malaria.

Tulimaliza Jumamosi saa 11 jioni. Getini mzee akanigeuzia daftari. Mstari wangu wa Alhamisi, sehemu ya kutoka, ulikuwa mtupu. "Jaza, mwanangu. Kwa daftari hili wewe bado umo ndani." Kwenye bajaji nikapiga hesabu: saa 57. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki nzima, na ovataimu ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Mimi nililipwa soda na "asanteni vijana". Pale Sinza banda umiza la kuonyeshea mpira lilikuwa linalipuka kwa penalti ya Griezmann. Mechi yenyewe, ile ya Ufaransa 4 Argentina 3, nilikuja kusimuliwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumsema bosi. Nimefika hapa naona kuna mahali nimeparuka. Kwenye kikao cha mwanzo wa Juni mteja aliuliza kazi itachukua muda gani, bosi akanigeukia. Kichwani nilikuwa na wiki saba. Mdomoni zikatoka tatu. Hakuna aliyenishikia fimbo, nilitaka tu nionekane mkali. Lakini nanyi niambieni: ukiulizwa mbele ya mteja, bosi kakukazia macho, na mkataba wako ni wa miezi mitatu mitatu, unajibu nini? Lawama tugawane basi, ila si nusu kwa nusu.

Mkinibana kwa swali lenu, nasema mtu asiache. Nasema hivyo mimi niliyeacha Februari iliyofuata na sijutii. Nilikuwa sina mtoto, na kodi ya chumba Kimara nilishalipa miezi sita. Ambaye yake inaisha mwezi huu asinisikilize. Na akiamua kuondoka, asiamue Juni, alale kwanza.

Nilipo sasa tarehe bado zipo. Tofauti ni kwamba ukiulizwa muda unaruhusiwa kusema "nitakujibu kesho". Juzi Jumatatu niliulizwa, mteja yupo mezani. Nikasema wiki mbili. Za kweli ni nne, na kesho asubuhi naenda kumwambia.