Mdogo ameshalala, ugali bado haujasongwa

Wiki hii mmeuliza: "Ni saa ipi iliyo ngumu kuliko zote kwenye nyumba yenye watoto wadogo?" Najua wengi watataja asubuhi, viatu vinatafutwa na gari la shule limeshafika. Kwangu ni jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili.

Naishi Kihesa, hapa Iringa mjini. Nauza nyanya na vitunguu sokoni, mume wangu ni seremala. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka mitano, mwingine mwaka mmoja na miezi minne. Mimi nafika nyumbani giza limeingia. Ndipo niwashe mkaa, nichambue mboga, niunge maharage, nisonge ugali. Chakula kinapakuliwa saa mbili. Mdogo saa moja na nusu ameshalala.

Kwa muda mrefu sikuona tatizo. Nilikuwa namwamsha, nampa tonge, anatafuna macho yamefumba. Tonge la pili halimezwi, linabaki shavuni. Kuna asubuhi nilimfungua mdomo nikalikuta bado limo, gumu. Nikawa nawaambia watu mwanangu si mlaji. Kumbe mlaji, ila chakula kilikuwa kinamkuta usingizini.

Kliniki, mhudumu alimpima urefu mara mbili, kana kwamba kipimo cha kwanza hakukiamini. Akaniuliza mtoto anakula mara ngapi kwa siku. Nikasema mara tatu. "Jana jioni alikula nini?" Nikamtajia: ugali, maharage, majani ya maboga. Akaniambia taratibu, "Sijauliza mlipika nini, mama. Nimeuliza yeye alikula nini." Sikuwa na jibu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Iringa karibu watoto 57 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni 30. Inaniuma sana, maana huu ni mkoa wa mahindi, viazi, maharage na maparachichi. Tumeshaambiwa hatujui kupanga mlo, tumeshaambiwa tunauza kila kitu. Huenda yapo hayo. Lakini mimi naomba tuangalie na saa. Mama anashinda shambani au sokoni, na nyumba nzima inamngoja yeye ndiyo jiko liwashwe. Mkubwa anaweza kungoja. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni dogo, anatakiwa ale kidogo kidogo mara nyingi, na usingizi ukimchukua kabla ya chakula basi, mlo huo umepotea na kesho haulipwi.

Mume wangu hurudi saa kumi na moja. Zamani alikuwa anakaa barazani na wenzake mpaka nifike. Usiku ule nilimweleza maneno ya kliniki, bila ugomvi. Hakujibu kitu. Alichukua taa akaenda kumtazama mtoto, akakaa huko muda.

Siku hizi maharage nayachemsha alfajiri kabla sijatoka, yanabaki kwenye hotipoti. Yeye akirudi anawasha jiko nje, hata kwa baridi hii ya Julai. (Jirani, mkaa usiuingize chumbani ukafunga mlango, hata mkitetemeka. Ile hewa yake haina harufu, na inaua.) Anachemsha viazi viwili, anayapasha maharage mpaka yachemke, anaviponda pamoja, anaongeza parachichi. Anadondoshea kidogo mgongoni mwa mkono kupima joto, kisha anamlisha, kijiko kwa kijiko, bila kumharakisha. Mimi nilikuwa namharakisha. Saa kumi na mbili na nusu mtoto ameshiba, na sisi wengine tunakula saa mbili kama kawaida.

Mwanzoni wenzake wa barazani walimwambia amekaliwa. Aliendelea kuponda viazi. Mama mkwe naye hakupenda, lakini juzi alileta mayai kumi, akamkabidhi mwanawe mkononi, si mimi.

Kliniki ni wiki ijayo. Mume wangu amesema tutakwenda wote, na swali la jana jioni alikula nini atalijibu yeye.