Bwawa Lako Linavuja? Nenda Kaangalie Nyuma ya Tuta

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba nyuma ya tuta la bwawa lake kuna sehemu isiyokauka hata kiangazi, nyasi zake kijani mwaka mzima, na fundi amemwambia asijali. Anauliza: niache tu? Usiache. Nilimjibu kwa hasira kidogo, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, na walioniambia hadi leo hakuna aliyekuja kusema kwamba nilikuwa sahihi.

Bwawa letu ni la udongo, tuliachiwa na baba. Ukisimama upande wa maji utalipenda, wageni wote wanapiga picha hapo. Upande wa nyuma ulikuwa pori. Niliposhika usimamizi, kazi ya kwanza nikasema ni kufyeka, na kaka yangu mkubwa akacheka mbele ya vibarua: "Mdogo wangu, watu wanahangaikia maji, wewe unahangaikia majani." Sikumjibu. Tukafyeka.

Chini kabisa ya tuta, jirani na bomba la kutolea maji, tukakuta kitundu kinachopitisha kidole gumba. Maji yalitoka taratibu, na kuzunguka mdomo wake udongo laini ulikuwa umejipanga duara kama kichuguu kinachoanza. Nilikinga maji yale kwenye chupa ya kioo, nikaiacha mezani usiku kucha. Asubuhi kitako cha chupa kilikuwa na tope.

Kila bwawa la udongo huvujisha kidogo, na maji maangavu yasiyoongezeka mara nyingi si msiba, ingawa yanahitaji kufuatiliwa. Tope ni habari nyingine. Maana yake tuta linaliwa kwa ndani, punje kwa punje, na tundu linarefuka kurudi nyuma kuyafuata maji. Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilikwenda hivyo tarehe 5 Juni 1976, likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza: asubuhi waliona maji machafu yakivuja, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Tena lile lilikuwa na wahandisi tele. Wewe na mimi tuna nani?

Fundi wetu alitaka kuziba kitundu kwa saruji kutoka nje, na familia nzima ikamuunga mkono kwa sababu ni rahisi. Nilikataa, nikaita mhandisi kwa hela yangu. Akasema ukiyaziba maji pale yanapotokea, yatajaa ndani ya tuta na kutafuta mlango mwingine usioujua. Alichofanya ni kuweka chujio, mchanga kwanza kisha kokoto juu yake, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Akaagiza pia tupunguze maji ya bwawa polepole, kwa sababu yakishuka ghafla upande wa ndani uliolowa hukosa cha kuuegemea na kuporomoka. Hilo hata mimi sikulijua.

Ugomvi uliofuata ulikuwa wa miti juu ya tuta. Ina kivuli, nakubali. Ila mizizi ikifa na kuoza inaacha mifereji ndani, na mti mkubwa ukiangushwa na upepo unaondoka na pande la tuta. Midogo tulikata. Mikubwa usiing'oe kichwakichwa, mwachie mhandisi aseme.

Kisha shemeji akataka wavu kwenye utoro, ile njia ya kutolea maji ya ziada, ili samaki wasipotee. Hapo tulinuniana kweli. Bwawa la South Fork, juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, lilikuwa mali ya klabu ya matajiri. Waliweka vizuizi vya samaki kwenye utoro, vikanasa takataka. Kilele cha tuta kilikuwa kimeshushwa, na mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameshaondolewa. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ikanyesha, maji yakapita juu ya tuta, wakafa watu 2,209. Ukiona hayo ni ya ng'ambo na ya zamani, kumbuka Solai, Nakuru, Mei 2018: bwawa la mtu binafsi, tuta la udongo, na zaidi ya watu 40 walikufa.

Mvua kubwa za juzi zilipopita, maji yalitoka kwenye utoro kama yalivyotakiwa na tuta likabaki kavu. Sasa kaka anawaonyesha wageni lile chujio kana kwamba alilibuni yeye. Sawa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fyeka. Tembea nyuma ya tuta, si mbele. Tembea tena baada ya kila mvua kubwa, ukiangalia nyufa, hasa zinazokatiza tuta kutoka upande wa maji kwenda nyuma, mashimo ya wanyama, na sehemu ya kilele iliyobonyea, kwani hapo ndipo maji yatakapopitia kwanza. Utoro uwe wazi, na usiuwekee mifuko ya mchanga kwa tamaa ya maji zaidi. Kinga maji yanayovuja kwenye chupa, andika tarehe, linganisha na ya mwezi uliopita. Yakichafuka au yakiongezeka, usingoje kikao cha familia, piga simu kwa mhandisi siku hiyohiyo. Na namba za simu za wanaokaa bondeni uwe nazo zote, nyumba kwa nyumba, kwa sababu siku ya kuwaonya, mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwa safarini.