Uliza Ujibiwe: Hii picha ya mji ilichorwa kutoka angani?

SWALI: Mbukwenyi mhariri! Mi msomaji wenu wa hapa Nkuhungu, Dodoma. Marehemu mjomba alisoma Marekani, aliporudi akaja na picha kubwa ya mji wa wavuvi unaitwa Provincetown, mji wote unaonekana kwa juu, nyumba mpaka madirisha unayaona, maboti kibao na treni inaingia hadi kwenye gati. Mwaka hauonekani, pale chini mchwa wamepapitia. Sasa nyumbani ni ubishi tu, mdogo wangu anasema ilipigwa picha na ndege afu wakachora juu yake, bibi anasema hivi vitu kama vitanda vimepangwa ufukweni ni makaburi, na fundi fremu anataka akate kingo zote zilizochafuka ili ipendeze. Je ni ya lini, walichoraje, na huku kwetu ziliwahi kuwepo? – Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Mbukwa! Kwanza simamisha huyo fundi, mengine tutaongea.

Mdogo wako tumalizane naye mapema. Ndege ya kwanza yenye injini iliruka 1903, na picha za aina hiyo zilishapamba moto Marekani kuanzia miaka ya 1860. Baluni zilikuwepo, ni kweli, hata Boston ilipigwa picha kutoka kwenye baluni mwaka 1860, ila wachoraji wa picha hizi, ambazo kwa kweli ni ramani, hawakuwa na haja nayo. Walitembea. Yani mtu anashuka na daftari lake, anapita mtaa kwa mtaa, anachora nyumba moja moja ilivyo kwa mbele, ngazi, bomba la moshi, madirisha mangapi, afu akirudi mezani anachukua ramani ya kawaida ya mitaa anailaza kwa mshazari, kama mkeka unavyoonekana ukiwa umekaa mlangoni, na kila nyumba anaisimamisha mahali pake. Ukiitazama unajiona uko angani mita 600 mpaka 900, wakati mchoraji mwenyewe viatu vimeisha soli. Jaribu kupanda Mlima Simba pale uone, utaona mabati ya mbele tu na mengine yanafichana, ndo maana wale jamaa walikuwa wanaipanua mitaa kidogo ili hata duka la nyuma lionekane.

Na lazima lionekane, maana mwenye duka ndo mteja! Ramani hizi ziliuzwa kwa kuandikisha watu kabla ya kuchapa, na mwenye biashara akilipa zaidi angeweza kuwekewa jengo lake pembeni kwa ukubwa. Kwa hiyo mitaa na nyumba mi naiamini sana, moshi wa viwandani na wingi wa meli bandarini naamini nusu nusu, hakuna aliyelipa ili mji wake uonekane umelala. Mmoja wa hao wachoraji, Thaddeus Mortimer Fowler, alichora miji zaidi ya 400. Hebu piga hesabu ya hizo kilomita.

Sasa umri. Hapa barua yako imenisaidia kuliko ulivyodhani, kwa sababu umetaja treni na hujataja mnara. Reli ilifika Provincetown 1873. Halafu kwenye kilima pale mjini kuna mnara wa mawe wa mita 77, Pilgrim Monument, walianza kuujenga 1907 wakamaliza 1910, na huo hakuna mchoraji angeuacha, ni sawa na mtu achore Dodoma ya leo auruke msikiti wa Gaddafi. Kama kweli haupo, basi ni mji wa kati ya 1873 na 1910, na ipo ramani inayojulikana ya mji huo ya mwaka 1882, nadhani ndo hiyo yenu.

Ila mji wa 1882 sio lazima karatasi iwe ya 1882, zimechapwa tena nakala nyingi sana. Nenda kwa fundi saa, muombe ile lenzi anayobana jichoni, angalia sehemu yenye rangi au kivuli. Ukikuta vidoti vidogo vimejipanga kwa mpangilio kama kwenye gazeti, hiyo ni nakala ya juzi juzi. Ukikuta chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki iliyopita kwenye ukuta wa plasta, inawezekana kabisa ilichapwa kwa jiwe enzi hizo, yani mchoro unachorwa kwenye jiwe bapa, linapakwa wino na karatasi inagandamizwa juu yake, na hapo msiitundike inapopigwa na jua, jua la Dodoma mnalijua wenyewe.

Mwambie bibi hayo sio makaburi, kwa mji ule naona hizo ni chanja. Walikuwa wanavua kod, samaki wa bahari zenye baridi, wanampasua, wanamtia chumvi na kumuanika juani, ng'onda kabisa kama ya watu wa pwani yetu, na chanja zilijaa ufukweni mpaka uani kwa watu. Harufu yake kwenye ramani hawakuichora.

Kwetu zipo, tena za zamani kuliko hiyo. Kitabu cha miji ya dunia cha Georg Braun na Frans Hogenberg, kilichochapwa Cologne 1572, kina ukurasa mmoja wenye Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala, zote zimechorwa kama anavyoona mwewe. Tofauti ni kwamba hao hawakutembea mtaa kwa mtaa Kilwa, walikuwa Ulaya wanatumia picha na habari za wengine, kwa hiyo usiende nayo Kilwa Kisiwani ukitafuta nyumba ya mtu.

Na zile kingo: majina ya mchoraji na mchapaji huwa chini kabisa pembeni, kwa herufi ndogo sana, hapo hapo mchwa walipoanzia. Kilichobaki hapo fundi asikiguse, mwambie atengeneze fremu kubwa zaidi.