Mwanangu, kuhusu zile takataka ukutani

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako nikacheka peke yangu. Unaniuliza: "Mama, hivi mtu akiokota takataka akaziunganisha, tayari ni msanii?" Na hiyo ni baada ya kulipa kiingilio kwenye maonyesho, mkaoneshwa samaki wa chupa za plastiki na kibao kinachosema tusichafue bahari.

Kwa huyo samaki niko upande wako. Onyo lile lingetosha kuwa bango. Zile chupa ungezitoa ukaweka makopo, na kisipungue kitu. Mimi huanza na swali hilo: ukibadilisha malighafi, kazi inabaki hai au inakufa?

Sasa mtazame El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Hutumia vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali. Kizibo hubondwa kikawa bapa, au hukatwa, hukunjwa, hutobolewa pembeni, kisha hufungwa na mwenzake kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, hadi panapatikana kitu kama kitambaa kinachofunika ukuta mzima. Ukiwa mbali unaona dhahabu na wekundu. Ukisogea unasoma majina ya pombe. Na pombe kali ni miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizileta pwani ya Afrika Magharibi, hata kununulia watumwa. Hariri isingelisema hilo. (Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake, ingawa tuzo haikulazimishi kumpenda.)

Ninayoipenda mimi kuliko zote ni kiti cha enzi kilichoundwa kwa silaha, kazi ya Kester wa Msumbiji ya mwaka 2001. Kipo British Museum, London. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1992, bunduki zilibaki zimezagaa nchini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji likaanzisha mpango: lete bunduki, upewe jembe, cherehani au baiskeli. Silaha zikakatwakatwa, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii. Kwenye egemeo la kiti hicho kuna vitako viwili vya bunduki, na matundu ya skrubu na ya mkanda yamekaa kama macho na mdomo unaotabasamu. Kester hakuuchonga uso ule, aliukuta. Fundi wa kiwandani alitoboa matundu ya kufungia mkanda, basi. Aliyeona uso ni Kester. Picasso, yule msanii Mhispania, naye mwaka 1942 alichukua kiti cha baiskeli na usukani wake akapata kichwa cha fahali. Vitu viwili tu! Kuokota kila mtu anaweza, mwanangu, lakini jicho la namna hiyo wanalo wachache.

Umesema huenda ukarudi kabla maonyesho hayajafungwa. Safari hii usianze na vibao vya maelezo. Sogea karibu uangalie viungo: kama ni gundi, mshono, au kuchomelea. Hapo utamjua aliyekaa na kazi yake na aliyekuwa na haraka ya ufunguzi. Kisha niandikie ni ipi iliyokusimamisha, hata kama ni moja.

Mama yako